Pini Mbili Ambazo Hakuna Anayezigusa

Ndugu zangu madereva, na nyinyi mafundi mliokaa kule nyuma, karibuni. Leo naanza na pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski, kwa sababu nikizianza mwisho muda huisha kabla sijazifikia.

Breki ikilia, mtu anakimbilia duka la spea kununua pedi. Wiki mbili baadaye inalia tena, naye anasema pedi zilikuwa feki. Huenda ni kweli. Lakini chukueni zile pedi kuukuu, mzilaze mezani pamoja. Ya ndani, upande wa pistoni, imelika hadi kwenye bamba lake la chuma. Ya nje bado ina milimita 7 au 8. Gari lilelile, tairi lilelile. Hapo pedi haina kosa!

Katika magari yetu mengi madogo kalipa ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa yenyewe inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikwama, pedi ya ndani inabeba kazi yote na inakaa upande. Pedi iliyokaa upande hutetemeka. Mmeona zeze la Kigogo linavyopigwa: upinde unaunasa uzi, unauachia, unaunasa tena, mara nyingi mno kwa sekunde. Pedi na diski hufanya hivyohivyo, na ule mluzi ndio sauti yake.

Kwa nini pini hukwama sana hapa kwetu? Vumbi. Kila pini ina raba ya kukinga. Raba ikichanika, vumbi la Dodoma la kiangazi linaingia, linachanganyika na grisi na kuwa tope gumu. Masika maji yanapita palepale, kutu inamalizia.

Sasa kazi yenyewe. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, weka mawe kwenye matairi ya nyuma, piga jeki, weka stendi. Fungua boliti za kalipa. Toyota ndogo nyingi ni spana namba 14. Kalipa ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye mpira wa mafuta ya breki. Chomoa pini kwa mkono. Ikigoma kutoka kwa vidole, umeshampata mwizi wako. Futa grisi ya zamani yote, safisha na tundu. Angalia ipi ilikuwa juu na ipi chini, kwa sababu mara nyingi moja ina mpira kichwani na hazibadilishani. Paka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya hindi. Ukijaza tundu, pini itagoma kuingia hadi mwisho.

Najua kuna anayesema, "Grisi ya beringi ninayo, kwa nini ninunue nyingine?" Kwa sababu grisi ya beringi hutokana na mafuta ghafi, na mafuta hayo huvimbisha raba hizi. Mpira ukivimba, pini inakwama kuliko ulivyoikuta. Silikoni. Nimemaliza hapo.

Kisha zile klipu ndogo za chuma ambamo masikio ya pedi hukaa. Msizitupe! Ndizo zinazoizuia pedi isicheze. Zing'oe, sugua kutu iliyo chini yake kwa burashi ya waya, zirudishe. Pedi iingie na kutoka kwa kusukumwa na kidole gumba. Vumbi la breki msilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowesheni kwa maji ya sabuni, kwa sababu baadhi ya pedi zina asbesto na vumbi lake huharibu mapafu.

Kuna jambo linaloniudhi. Pedi nyingi zina kijichuma kilichowekwa kiguse diski na kupiga mluzi pedi inapobaki na milimita 2 hadi 3. Mtu anakikunja kwa plaizi ili gari linyamaze, halafu mwenye gari anashuka mteremko wa Nyang'oro kuelekea Mtera na familia nzima ndani. Mluzi ule ulikuwa unamwita abadilishe pedi. Ukishasikia sauti ya kusaga, chuma kwa chuma, diski nayo inaliwa. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe. Ukiwa chini ya hapo usiichonge, nunua mpya, na ununue mbili.

Kelele ya asubuhi inayokoma baada ya kukanyaga mara tatu nne ni kutu ya usiku au ya kuosha gari. Hiyo iacheni.

Naona naonyeshwa saa. Breki za ngoma basi kwa ufupi: ondoa vumbi, paka grisi ya joto kali kidogo sana pale ukingo wa shuu, kile kipande kinachosukumwa kusugua ngoma kwa ndani, unaposugua bamba la nyuma; isiguse ngozi ya shuu, yaani sehemu yake inayosugua ngoma.

Pedi mpya zizoesheni: kutoka kilomita 60 kwa saa punguza hadi 20, mara kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi zipoe bila kukanyaga. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja kutoka gereji, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni mmeirudisha ndani ili pedi mpya ziingie. Mkanyago wa kwanza utazama hadi sakafuni.