Misikiti ya mashambani ya Djerba

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Kisiwa cha Djerba kiko kusini mwa Tunisia. Watu wake wa zamani hawakupenda kubanana kijijini. Kila ukoo ulikaa shambani kwake, kwenye mizeituni na mitende, na kilichowakutanisha ni msikiti. Ndiyo maana misikiti ya kule ni mingi, na mingi ni midogo.

Wengi wa waliowahi kuijenga ni Maibadhi, madhehebu yaleyale yaliyofika Zanzibar kutoka Oman. Dola ya Kiibadhi ya Tahert, katika Algeria ya leo, ilianguka mwaka 909, lakini Djerba madhehebu hayo yakadumu. Aliyezoea misikiti ya Kiibadhi ya Unguja hatajiona mgeni: kuta tupu zilizopakwa chokaa, mihrabu isiyo na mbwembwe.

Sasa niwaombe tuangalie maji, maana hapa ndipo ninapovutiwa zaidi. Djerba haina mto, mvua yake ni haba, na visima vingi vina maji ya chumvi. Basi msikiti wenyewe ukawa wa kukinga mvua. Paa na ua vilisakafiwa kwa chokaa, vikainamishwa kidogo, na kila tone likateremka hadi kwenye birika lililochimbwa ardhini. Juu yake kuna tundu la kuteremshia ndoo. Hapo watu walichota ya kutawadha na ya kunywa.

Halafu kulikuwa na maadui wa baharini. Wanormani, watawala Wakristo wa kisiwa cha Sicily, walikiteka kisiwa mwaka 1135. Mwaka 1284 akaja Roger wa Lauria, amiri wa jeshi la majini la Aragon, katika Hispania ya leo. Misikiti ya pwani ikawa pia vituo vya ulinzi. Hata msikiti wa Fadhloun, karibu na mji wa Midoun, una kuta nene zenye nguzo za kuziegemeza, na ndani ya uzio wake mna chuo cha Qur'ani, kinu na tanuri la mikate. Katika eneo la Sedouikech walichimba msikiti chini ya ardhi kabisa. Unashuka kwa ngazi, na juu huoni ila paa jeupe kati ya mizeituni.

Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Djerba katika Urithi wa Dunia. Nimefurahi kwa dhati. Ila chokaa hutaka kupakwa tena na tena, na shamba likihamwa hakuna wa kuipaka. Paa hupasuka, birika likakauka. Kwa maoni yangu, ukarabati uanzie kwenye birika, maji yarudi, hata kama wanaosali pale ni watu wawili.