Mtungi Mmoja, Presha Tatu

MWENDE: Haya karibuni tena, tuko Kisauni, Mombasa, feni inazunguka lakini ni kelele tu, upepo hakuna. Leo Charo atuambie vile anaendesha bia na soda ya tangawizi kwa friji moja na mtungi mmoja wa gesi, kila kinywaji na presha yake. Alafu Charo, ukisema kegi watu wanafikiria ile ya kibandani.

CHARO: (anacheka) Ile bia ya Senator, ya tangu 2004? La, sio hio. Mi nasema pipa lenyewe la chuma, lita 19, yale yalokua yakibebea soda zamani. Ndani watia unachotaka, bia ulopika mwenyewe, tangawizi, ukwaju, hata maji matupu, alafu wapiga CO2 juu yake, ile gesi ya kaboni dioksidi.

MWENDE: Sasa presha tofauti za nini, si gesi ni ile ile?

CHARO: Hapo ndo nlipoharibu dadangu. Friji ikiwa nyuzi 3 au 4, bia yataka PSI 10 mpaka 12, PSI ndo kipimo cha presha. Tangawizi nayo yataka ikuchome pua, hio ni 30. Sasa mi nlikua na reguleta moja, kile kifaa cha kushusha presha ya mtungi, na tii ya plastiki ya kugawa gesi njia mbili, Jumamosi wageni wanakuja, mama mkwe hanywi pombe, majirani hawanywi, nkasema wengi ni watu wa tangawizi basi weka 30 kote, nkaacha siku tatu. Siku yenyewe nafungua mfereji wa bia, yakhe, gilasi povu juu mpaka chini! Bia yenyewe hata kijiko hakuna.

MWENDE: Ukafanya nini mbele ya wakwe?

CHARO: Nkacheka tu. Usiku nkashusha reguleta mpaka 12 nkalala, najua nimetengeneza. Kumbe reguleta haifyonzi presha ilokwisha ingia, yenyewe inapunguza inayokuja tu. Pipa la tangawizi lina 30, mpira wa gesi una 12, na lile pipa nlikua nimelijaza mpaka shingoni, basi tangawizi ikapanda ikarudi na njia ya gesi. Asubuhi naona sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani mpaka kwa reguleta, nafungua mpira unanuka tangawizi na sukari.

MWENDE: (anacheka) Sisimizi wamekuja kwa sherehe wamechelewa!

CHARO: Ndo nkanunua valvu za njia moja, kila pipa na yake, gesi yaenda hairudi. Na ukishusha presha lazima uvute ile valvu ya kwa kifuniko, ipumue fsss, ungoje, uvute tena, maana gesi ilokua imezama kwa bia yaendelea kutoka, yaweza kuchukua siku.

MWENDE: Na hizo presha tatu sasa unazipataje?

CHARO: Reguleta ya pili. Ile kubwa ya kwa mtungi naiweka 30, inaenda kwa tii, mkono mmoja moja kwa moja kwa tangawizi. Mkono wa pili unaingia kwa reguleta ndogo mbili zimeshikana, moja 12 ya bia ya kawaida, moja 16 ya bia ya ngano, hio yapenda gesi zaidi kidogo. Kumbuka reguleta ndogo inashusha tu, haipandishi, kwa hio ile kubwa lazima ikae kwa presha ya yule mlevi mkubwa kuliko wote.

MWENDE: Ambaye ni tangawizi (anacheka). Na stout, ile bia nyeusi ya povu kama maziwa?

CHARO: Hio gesi yake mbali, nitrojeni 75 na CO2 25 hivi, mtungi wake na reguleta yake. Sina, sitaki.

MWENDE: Mi nilifuata chati ya presha, binamu yangu Nairobi akafuata ile ile, yake ikatoka haina gesi, imepoa kama chai ya jana.

CHARO: Chati nyingi ni za usawa wa bahari, sisi hapa twaifuata vile ilivyo. Nairobi ni juu, aongeze kama PSI 3. Tena mpira wa bia pia angalia, ule mwembamba wa ndani 3/16 ya inchi, kwa 12 nimeweka futi 10, tangawizi kwa 30 nimeizungushia futi 25, ukiikata fupi inakurukia usoni.

MWENDE: Na mtungi wenyewe, unakaa ndani ya friji?

CHARO: Nje, kivulini, umefungwa na mnyororo usianguke. Sasa sikiza hii ya Mombasa. CO2 ndani ya mtungi ni maji maji, kwa nyuzi 20 geji yasoma kama baa 57, baa ni kipimo chengine cha presha, kwa 30 yafika 72, na ikipita nyuzi 31 haiwi maji tena haiwi gesi, ni kitu chengine. Hapa Februari nyuzi 31 ni saa nne asubuhi! Usiuache juani. Na chumba kiwe na dirisha, gesi ikivuja yatulia chini, huioni. Kila kiungo nakipaka maji ya sabuni, kikitoa povu nakaza spana.

MWENDE: Basi geji ikipanda na joto, utajuaje gesi imebaki ngapi?

CHARO: Haikwambii, yakaa pale pale mpaka karibu iishe alafu yaanguka ghafla. Unapima uzito. Wangu umechongwa shingoni kilo 8.5 ukiwa mtupu, ukijaa ni 13.5. Sina mizani, nkaupeleka kwa jamaa wa vyuma chakavu pale nyuma, akaupima, 10.2, akauzungusha, akaugonga gonga na kidole, akaniuliza nataka pesa taslimu ama nimtumie namba.