Kiungo Kinachobeba Sababu

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mada yangu ni haipamidia, yaani maandishi, picha, sauti na video zilizofungamanishwa kwa viungo, ukibofya hapa unatokea kule. Mitambo yenyewe sitaigusa sana. Kinachonishughulisha ni swali ambalo kila taasisi huulizwa na wageni wake, na mara nyingi hakuna wa kulijibu: kwa nini mliamua hivi?

Machi 1989, Tim Berners-Lee aliwapelekea wakuu wake wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, pendekezo lililokuja kuzaa wavuti. Ukilisoma utaona lilitokana na adha ya kazini. Watu wengi walikaa hapo kama miaka miwili tu, na kila aliyeondoka aliondoka na aliyoyajua. Wapya wakija, wenyeji wanaacha kazi zao ili wawaeleze yaleyale.

Douglas Engelbart, mhandisi wa Marekani, alikuwa ameanza kuhangaika na jambo hili mapema zaidi. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, alionyesha hadharani kipanya, viungo kati ya nyaraka, na watu wawili walio mbalimbali wakifanya kazi kwenye waraka mmoja huku wanaonana kwenye skrini. Shabaha yake ilikuwa kuliongezea kundi zima uwezo wa kukabili matatizo magumu. Tulichukua kipanya haraka; kuifikia shabaha ile bado tunasuasua.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye mfumo mmoja ninaoupenda. Mwaka 1970 Werner Kunz na Horst Rittel walipendekeza mjadala uandikwe kwa vipande vitatu: swali, msimamo, hoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Jeff Conklin na Michael Begeman waliuingiza utaratibu huo kwenye kompyuta, wakauita gIBIS. Humo kiungo hakisemi tu "nenda kule". Kinasema "hii inaunga mkono" au "hii inapinga".

Tazameni inavyokuwa. Swali: faili zetu tuziweke kwenye seva yetu, au tukodi nafasi nje? Msimamo wa kwanza: seva yetu. Hoja ya kuunga: siri za wateja zinabaki ndani. Hoja ya kupinga: hatuna fundi wa zamu ya usiku. Kikao kinaamua kukodi. Baadaye anaajiriwa mtu mpya, anafungua ramani ile ya swali, misimamo na hoja, na kumbe fundi wa usiku sasa yupo. Hana haja ya kuanza mjadala upya. Anaigusa hoja hiyo moja na kuuliza: bado ina nguvu? Hapo taasisi inajifunza, na mgeni naye anajifunza jinsi wenzake wanavyofikiri, jambo ambalo muhtasari wa kikao wenye maamuzi matupu haumpi.

Mbona basi mifumo hii haikuenea? Mwaka 1988 mtafiti Jonathan Grudin alionyesha chanzo cha mifumo mingi ya kazi za pamoja kushindwa: anayebebeshwa kazi ya ziada siye anayefaidika. Anayeandika sababu leo ana haraka. Atakayezihitaji hata hajaajiriwa. Kumhimiza kwa waraka wa mkurugenzi hakusaidii kitu, naamini hivyo kabisa.

Linalosaidia ni faida ije papo hapo. Conklin mwenyewe alielekea huko baadaye: ramani inachorwa kikao kikiendelea, mbele ya macho ya wote. Mtu akiona hoja yake imeandikwa kama alivyoisema, haoni sababu ya kuirudia mara tatu, na anayempinga anaipinga hoja, hamshambulii mwenzake. Kumbukumbu inapatikana bila mtu kuongezewa kazi baada ya kikao.

Na haki ya kuhariri apewe hata aliyeingia jana. Mwandishi wa programu Ward Cunningham alipoanzisha mwaka 1995 tovuti ya kwanza ya aina inayoitwa "wiki", aliwaachia wasomaji waihariri. Mgeni ndiye anayeona palipoachwa pengo, kwa sababu wenyeji wameshazoea kuliruka. Mruhusuni aandike swali lake pale pale penye pengo, na aliyekuwepo siku ya uamuzi amjibu hapo hapo.