Kabla Hujanitajia Kocha, Nitajie Beki Wako wa Kushoto

Haya jamani, tukae tuanze, muda wenyewe ndo huu. Mwenyekiti kanipa dakika 40 na mnanijua, hoja moja itakula 30 halafu zingine tutazipitia tumesimama mlangoni. Waliokuja mwaka jana na mwaka juzi wanajua ninachotaka kusema, nyie chezeeni simu hamna neno, ila karatasi mliyopewa pale mlangoni kila mtu ajaze. Mbele andika jina la kocha unayemtaka aje kwenye klabu yako huyu wa sasa akitimuliwa. Usiandike jina lako, usiandike klabu, hatutaki ugomvi. Ukimaliza geuza karatasi, nyuma andika nani atacheza beki ya kushoto kwenye timu ya huyo kocha wako.

Naona sasa. Mbele mmeandika kwa sekunde tatu, nyuma watu wanaangalia dari.

Ugomvi wangu na mashabiki wenzangu miaka yote ni huo tu. Tunagombania majina. Kazi ambayo huyo mtu anakuja kuifanya hatuisemi kabisa, hatujui kikosi kina nini kimekosa nini, nani anasajili, kocha atapewa nini na atanyimwa nini, sisi ni fulani aje fulani aje, na anayetaka mwingine hajui mpira. Na msidhani nawasema nyie peke yenu, mimi ndo nilikuwa kinara. Kuna mwaka klabu yangu ilimfukuza kocha mwezi wa pili, na mimi nikawa na mtu wangu. Wiki tatu nzima nampigania. Kwenye grupu letu nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kujibu mtu aliyenitukana usiku nimelala. Nina takwimu, umiliki wa mpira asilimia kadhaa, timu yake ikipoteza mpira inaurudisha ndani ya sekunde kadhaa, nimezimeza zote kama mtoto wa darasa la nne na hesabu za kuzidisha. Sasa mle ndani kuna jamaa mmoja mpole, haongeagi yule, siku hiyo akaniuliza swali moja tu: kaka, mechi yake ya mwisho uliyoiangalia mwanzo mpaka mwisho alicheza na nani?

Nikaanza kuandika. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Na yeye kule anaona, "anaandika" inatokea inapotea, inatokea inapotea. Sikuwa na mechi jamani! Sijawahi kuangalia dakika 90 za timu ya yule mtu hata mara moja. Nilichokuwa nacho ni video ya dakika saba yenye muziki mkubwa, magoli matupu, pasi haipotei, beki hatelezi, kipa wake wala haonekani humo. Wiki tatu nimegombana na watu wazima kwa ajili ya video ya dakika saba. Tangu siku hiyo mtu akinitajia kocha namuuliza beki wa kushoto, na ndo mnaniita mzee wa beki wa kushoto, najua, nasikia.

Sasa kwa nini beki wa kushoto na sio straika? Twende Manchester United, nipeni dakika kidogo hapa.

Mwezi wa tano 2024 kocha wao Ten Hag anabeba Kombe la FA, kampiga City 2-1 fainali. Uongozi ulikuwa unamtafutia mbadala wakati huo huo, wakageuka, mwezi wa saba wakamwongezea mkataba. Dirisha la usajili wakamnunulia watu, De Ligt na Mazraoui ambao aliwafundisha Ajax, Zirkzee, Yoro, Ugarte, hela ndefu. Tarehe 28 mwezi wa kumi wakamfukuza. Yaani mtu kanunuliwa vyombo, kaanza kupika, sufuria ipo jikoni, mnamwambia toka.

Akaja Amorim kutoka Sporting. Na mashabiki walikuwa wanamtaka, msikatae, tulikuwepo wote. Mtu kachukua ubingwa Ureno 2021 baada ya Sporting kukaa miaka 19 bila, kachukua tena 2024, na kabla hajaondoka kule akampiga Manchester City 4-1. Nani angekataa? Mimi mwenyewe ningeandika jina lake mbele ya karatasi. Lakini Amorim anacheza mabeki watatu nyuma, na pembeni anaweka watu wawili wanaopanda na kushuka upande mzima, huyo wa pembeni ndo mapafu ya timu. Na hakuficha, Sporting alicheza hivyo hivyo miaka yote, hata mtoto alikuwa anajua. Kikosi alichokikuta kimejengwa kwa mabeki wanne na mawinga. Mawinga wamejaa. Rashford winga, Garnacho winga, Antony winga, kwenye mfumo wa Amorim winga wa kukaa kwenye chaki, ule mstari wa pembeni, hana kiti.

Sasa kushoto nani apande? Luke Shaw majeruhi, Malacia ndo kwanza katoka kwenye jeraha refu. Wakamweka Dalot. Dalot anatumia mguu wa kulia! Kaa uangalie tena zile mechi, sio magoli, mechi. Mpira unaenda kushoto, Dalot anaupokea, nafasi ya krosi ipo, anasimama, anakata ndani aweke kwenye mguu wa kulia, na akikata ndani anakutana na msongamano, mabeki wa upande wa pili wamesharudi wamejipanga, anarudisha mpira nyuma. Mara moja, mara mbili, mara kumi, mechi nzima. Shabiki nyumbani anapiga kelele straika hafungi. Straika afunge nini? Wakaja kumnunua Dorgu kutoka Lecce mwezi wa pili, msimu umeshavuka nusu. Rashford na Antony wameshatolewa kwa mkopo. Msimu ukaisha nafasi ya 15, pointi 42. Siku chache kabla ligi haijaisha walienda fainali ya Europa Bilbao wakafungwa na Tottenham iliyomaliza ya 17, na kocha wa Tottenham naye na kombe lake mkononi akafukuzwa wiki mbili na kidogo baadaye, lakini hiyo ni kesi nyingine nikiifungua hatutoki humu.

Nisikilizeni, sisemi Amorim ni kocha mbovu wala sisemi ni mzuri. Hilo swali halijibiki! Ndo maana nakereka. Watu walibishana mwaka mzima Amorim anafaa hafai, anafaa hafai, na mtu aliyetakiwa kuulizwa ni yule aliyesaini kocha wa mabeki watatu akijua ana kikosi cha mabeki wanne, tena mwezi wa kumi na moja dirisha limefungwa. Yule hakuimbiwa nyimbo za kumtaka aondoke, hata jina lake nusu ya mashabiki hawalijui.

Msimu ule ule geuka pembeni kidogo. Liverpool, Klopp kaondoka, watu wanalia, wanamleta Slot kutoka Feyenoord. Mnakumbuka mlichosema? Mimi nakumbuka, nina picha za skrini. "Kipara gani huyu." Dirisha zima wakamletea mchezaji mmoja wa kuingia kikosini, Chiesa, na hakucheza sana. Walimtaka kiungo wa kukaba kutoka Hispania, Zubimendi, akakataa. Slot akamchukua Gravenberch aliyekuwa hapati nafasi ya maana, akamweka pale chini mbele ya mabeki, na ubingwa ukaja mwezi wa nne bado mechi nne mkononi. Beki ya kushoto alikuwepo Robertson, kiungo namba nane alikuwepo, mawinga walikuwepo. Wale hawakuanza na jina. Walikaa chini wakajiuliza timu yetu inachezaje, nani kwingine anacheza karibu na hivi, ndo wakampata.

Kuna mtu pale nyuma ananyoosha mkono, najua unachotaka kusema, shusha kaka. Unataka kusema mbona msimu uliofuata wakapigwa mechi nne za ligi mfululizo. Ndiyo! Walipigwa baada ya kununua nusu ya timu mpya kwa hela za kutisha, kocha yule yule. Ingekuwa kocha ni uchawi si angeendelea kuroga? Umenisaidia, asante.

Na kocha Potter. Huyu ndo dawa ya ubishi wote. Brighton anaonekana fundi, Chelsea wanamchukua mwezi wa tisa 2022, mkataba miaka mitano, mwezi wa nne wamemfukuza. Chelsea ilimaliza ya 12. Kule Brighton alikotoka wakamleta De Zerbi, wakamaliza wa sita wakaenda Ulaya, na Potter aliporudi pale na Chelsea yake alipigwa 4-1. Brighton kocha akiondoka hawaingii mtandaoni kuuliza tumchukue nani, walishamfuatilia mtu mapema wakamjua anachezaje. Potter yule yule, kichwa kile kile, nyumba mbili tofauti.

Sasa kuna hoja ya kocha wa mpito, hii huwa mnanirushia kila mwaka. "Mzee, mbona Ivory Coast 2024 walimfukuza kocha katikati ya AFCON na wakabeba?" Kweli kabisa, tena nyumbani kwao. Wamefungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, uwanja mzima unalia, kocha Gasset kaondoka, hata kama wamefuzu hawajui, wanasubiri matokeo ya makundi mengine. Shirikisho likaenda Ufaransa kuomba liazimwe kocha Renard, jina kubwa, wakakataliwa. Yaani hata wao walianza na jina! Walipokosa jina ndo wakamwachia Faé, aliyekuwa msaidizi. Akamtoa Senegal kwa matuta, Mali akamtoa huku Ivory Coast wenyewe wamebaki kumi uwanjani, wamesawazisha dakika ya 90 na kufunga mwisho kabisa wa dakika za nyongeza, Kongo 1-0, fainali Nigeria 2-1. Sasa niambieni, Faé alikuwa mgeni? Alikuwa ndani ya kambi, kawaona wachezaji mazoezini kila siku, anajua nani kachoka, nani kanuna, nani hawezi kucheza na nani. Muulize Faé beki wake wa kushoto, anakwambia mpaka alichokula asubuhi. Huo sio mfano wa kunipinga mimi.

Hili la mtoto wa nyumbani nalo nalipitia haraka. Mchezaji wetu wa zamani, anaijua klabu, ana damu ya klabu. Guardiola kabla ya kupewa Barcelona 2008 alikaa msimu mzima na timu B, daraja la nne, viwanja vibovu, akaipandisha. Pirlo alipewa timu ya vijana ya Juventus mwisho wa mwezi wa saba 2020, siku tisa baadaye akapewa timu kubwa, hajasimamia mechi hata moja ya vijana. Timu imetoka kuchukua ubingwa mara tisa mfululizo, ikamaliza ya nne, ingawa makombe mawili ya ndani alibeba tusimdhulumu. Wote wawili damu ya klabu. Sasa damu inatusaidia nini kuchagua?

Nilikuwa na jambo la lugha, kocha anayeongea na wachezaji kupitia mkalimani. Naliacha. Na la "mpeni muda" nalo, stori ya Ferguson kuvumiliwa United mpaka makombe yakaja mnaijua wote siirudii, ila mpe muda afanye nini, ndo swali langu, maana kuna mtu ukimpa muda anaharibu zaidi na anaharibu taratibu. La hela za kuvunja mikataba naliacha kabisa, litanipandisha presha.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimeona. Hebu nipitishieni zile karatasi nisome chache, kisha ninyamaze.

Hii. Mbele Guardiola, nyuma "atanunua". Atanunua. Sawa, kwa hela ya nani?

Hii mbele ina majina matatu yamekatwa la nne limebaki, nyuma peupe.

Hii mbele Klopp, nyuma kaandika "kwani sasa hivi anacheza nani?" Huyu namheshimu, huyu angalau kauliza.

Hii nyuma kachora moyo. Haya.

Hii... nani kaandika Ferguson? Jamani, mzee kazaliwa 1941, kastaafu 2013, mwacheni apumzike. Ngoja, nyuma kaandika kitu. Nyuma kaandika Irwin. Denis Irwin, beki wake wa kushoto kweli!

Hebu simama kaka, simama tukuone. Karatasi ya kwanza leo yenye jina la mtu nyuma.