Kaimati Si Kitindamlo

Asanteni. Kaeni, kaeni. Walionialika wameandika kwenye tangazo kwamba nitazungumzia "asili ya vyakula vitamu". Sikusema hivyo. Nilisema nitazungumzia neno dessert, hilo tunaloliita kitindamlo na ambalo wengi hudhani maana yake ni kitu kitamu, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo inayonifanya nisimame mbele za watu kila mwaka. Waliokwisha kunisikia wanajua ninakoelekea. Wavumilie, au watoke sasa hivi kabla sijapamba moto.

Neno ni la Kifaransa, limetokana na kitenzi desservir. Servir ni kuandaa chakula mezani. Kile kiambishi cha mbele kinafanya kazi ile ile inayofanywa na -u- yetu: funga, fungua, ziba, zibua, tandika, tandua. Desservir, basi, ni kutandua meza. Kuondoa sahani, mabakuli na makombo. Na dessert ni kile kinacholetwa meza ikishatanduliwa. Mmeiona sukari hapo? Mimi sijaiona tangu nianze kuitafuta.

Tukae kidogo kwenye huko kutandua, maana hapo ndipo penyewe. Mezani kwa wakubwa wa Ufaransa, karne ya 17 na ya 18, hukuletewa sahani moja moja kama mnavyofundishwa leo nyinyi mnaoandika menyu. Chakula kilikuja kwa awamu, na kila awamu ilijaza meza nzima. Ilikuwa kama futari ya kwetu: uji upo, samaki yupo, tambi zipo, muhogo wa nazi upo, kila mtu anaanza na kilicho karibu na mkono wake. Awamu ya kwanza supu na nyama za mchuzi. Awamu ya pili nyama za kuchoma, na pembeni yake, sikilizeni vizuri, krimu za sukari, jeli na vitobosha vya matunda. Kando ya bata! Wala hakuna aliyeshangaa. Vitamu hivyo viliitwa entremets, yaani vya katikati, na vilipikwa jikoni na mpishi yule yule aliyechoma bata.

Halafu ndipo wahudumu wanaingia na kuondoa kila kitu. Vyombo vyote, hadi kitambaa cha juu kinakunjwa na makombo yake. Na sasa inaingia kazi ya watu wengine kabisa, watu wa l'office, chumba chenye bwana wake ambaye si mpishi wa jikoni. Wao kazi yao ni matunda yaliyopangwa yakawa minara, jamu, biskuti, lozi, barafu za matunda. Hiyo ndiyo dessert. Kwa hiyo krimu iliyojaa sukari, ikiliwa kando ya bata, si dessert. Tufaha bichi lisilotiwa hata chembe ya sukari, likiletwa baada ya kitambaa kuondoka, ni dessert. Nalirudia hili kwa sababu kila nikilisema kuna mtu anatikisa kichwa, halafu jioni anakwenda kuandika menyu vile vile.

Waingereza walilichukua neno. Mmoja wa waliolitumia mapema kwa Kiingereza ni William Vaughan, mwaka 1600, katika kitabu chake cha afya, na alilitaja ili alilaumu: kula huko ambako Wafaransa wanakuita hivyo, alisema, kunakwenda kinyume na utabibu. Hawakumsikiliza. Karne mbili baadaye walikuwa wanaondoa kitambaa chote mpaka mbao ya mahogani inang'aa, ndipo wanaleta matunda, lozi na divai ya port. Na wakati wa Malkia Victoria, mlo rasmi ulikuwa na vitamu kwanza, kisha kitu cha chumvi, tuseme chaza waliozungushiwa nyama ya nguruwe ya chumvi, samahanini wenye kufunga, au mkate wa jibini, na mwisho kabisa dessert, yaani matunda. Vitamu mbali, dessert mbali, na katikati yake chumvi! Mtu akiniambia dessert maana yake ni kitu kitamu, mimi humletea chaza huyo.

Najua. "Mwalimu, lugha hubadilika." Ndiyo, imebadilika. Karne ya 19 ulienea mtindo wa Kirusi wa kuleta chakula kimoja baada ya kingine. Anatajwa sana balozi wao pale Paris, Alexander Kurakin. Vitamu vikapata zamu yao mwishoni, Wamarekani wakaingiza na mapai, na leo Mwingereza wa kawaida akisema dessert anawaza keki. Yake hayo. Sikatai neno la watu kuhama. Ninachokataa ni sisi kuhamishwa nalo bila kuulizwa.

Maana tuna neno zuri, kitindamlo. Kutinda ni kukata, kukomesha; mnamjua kitinda mimba, mtoto wa mwisho. Halitaji sukari, linataja zamu, sawasawa na Kifaransa chake. Kitinda mimba naye si lazima awe mtamu, ingawa mama yake atabisha. Halafu tunalichukua neno hili safi na kuliweka juu ya orodha ya kaimati, visheti, kashata na halua. Nani aliwahi kula kaimati baada ya wali? Kaimati inafungulia futari. Kashata inasindikizwa na kahawa chungu barazani, saa ambayo hakuna mlo wowote uliokwisha wala ulioanza. Halua anapewa mgeni hata kabla hajaulizwa kama ana njaa. Unachota kwa vidole, unakunywa kikombe kidogo cha kahawa, utamu na uchungu vinakutana mdomoni. Ukimletea mtalii halua baada ya biriani, bila kahawa, anaacha nusu na kuandika kwamba vitamu vya Waswahili vimezidi sukari. Vimezidi kwa sababu umevitoa mahali pake!

Na pilau? Ndizi mbivu inaliwa papo hapo na pilau, tonge na ndizi, tonge na ndizi. Ile ni entremets ya kwetu.

Mwingine atasema kitindamlo chetu ni matunda. Hapo nakubali, kwa sharti. Kwenye bufee ya sherehe tikiti maji linakaa mwisho wa foleni, na mtu anapachika kipande chake juu ya pilau, maji ya tikiti yanateremka kwenye kachumbari na kuku anaogelea. Hakuna kilichotanduliwa hapo. Lakini sinia likiondoka, birika na beseni vikapita, watu wakanawa, ndipo papai likaletwa, basi mmefanya kile kile Wafaransa walichokusudia, tena kwa mikono safi kuliko yao.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema jinsi sukari ilivyokuwa kiungo cha nyama Ulaya, na jinsi ilivyoshuka bei kwa jasho la watumwa Brazil na Karibi, na kwamba mashamba ya miwa ya Pangani nayo yalilimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, huyu wa vita vya 1888, alikuwa na shamba la miwa huko. Huo ni mhadhara mzima, mtanialika tena.

Menyu zenu, basi. Wekeni sehemu inayoitwa Vya Kahawa: halua, kashata, visheti. Matunda yaende kwenye Kitindamlo, na yaletwe baada ya kutandua, si kabla. Kaimati ziachiwe futari.

Maswali. Wewe wa nyuma, sema. Keki ya harusi? Mwanangu, keki ya harusi inakatwa na kulishwa wakati wageni bado wanaulizana chakula kitakuja lini. Ipe jina lolote, ila si hilo.