Kompyuta Ikijizima, Iulize Kwanza

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Wengi humu mna stesheneri, na mnajua msimu wa korosho ukifika foleni ya kuchapa na kutoa kopi inamwagikia barabarani. Hapo ndipo mashine nayo inaamua kujizima.

Dada mmoja wa hapa Mtwara mjini aliniletea keisi ya kompyuta yake kwa bodaboda. "Kaka, hii imekufa." Nikaichomeka. Ukibonyeza swichi, feni inazunguka nusu, tik, kimya. Alishaambiwa anunue pawa saplai mpya, lile boksi la ndani linaloipa kompyuta umeme. Nilipofungua nikakuta skrubu moja imelala kati ya madabodi (ule ubao mkuu wa ndani) na bati la keisi, imesahauliwa na fundi aliyepita kabla yangu. (Siku nyingine huwa ni mjusi.) Pawa saplai ilikuwa nzima kabisa. Ilihisi shoti, ikakata umeme kabla madabodi haijaungua, na kwa kosa hilo ikahukumiwa kutupwa.

Ile pawa saplai kila inapowaka inajipima. Umeme wake wa volti 12 unatakiwa ucheze kati ya 11.4 na 12.6. Ukishatulia, inasubiri kati ya milisekunde 100 na 500, halafu inapeleka taarifa kwenye madabodi kwa ule waya wa kijivu: sawa, anza. Taarifa hiyo isipofika, prosesa, ubongo wa kompyuta, haiamki. Ndiyo maana mashine inayogoma kuwaka mimi siilaumu haraka. Chomoa waya wa ukutani, subiri kidogo, kisha toa kifaa kimoja kimoja, hadi diski, hadi kadi ya picha, ukijaribu kila mara. Ikiwaka, mkorofi ni huyo uliyemtoa mwisho.

Joto nalo ni vilevile. Mzee mmoja wa Mikindani alilalamika mashine yake asubuhi ni nyepesi, saa nane mchana inajikokota. Wakamuuzia RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nami nikakuta vumbi lililoshikana na unyevu wa bahari limeziba hitisinki, lile chuma linalopoza prosesa, kama kipande cha blanketi. Ndani ya prosesa kuna kipimajoto. Joto likipanda sana, inapunguza kasi yenyewe, na likizidi hapo inazima mashine nzima. Mwaka 2001 watu wa Tom's Hardware, tovuti inayojaribu vifaa vya kompyuta, waling'oa hitisinki kompyuta zikiwa zinafanya kazi. Prosesa ya Pentium 4 ya Intel ikapunguza mwendo, ikaendelea. Athlon ya AMD ikafuka moshi. Prosesa za siku hizi zote zina kinga hiyo, kwa hiyo mzee wangu alihitaji brashi na grisi mpya, basi.

Sasa umeme wetu. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea gesi ya Mnazi Bay, na taa kuchezacheza tumekuzoea. Taa ikipepesa na kompyuta isizime, shukuru kapasita kubwa za pawa saplai: viwango vya ATX, vinavyofuatwa na watengenezaji wa pawa saplai, viliitaka ihimili karibu milisekunde 17 bila umeme wa ukutani. Ni muda mfupi kuliko wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50, msiutegemee kama UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Pale umeme unapoingilia pawa saplai kuna pia kidude cha duara kinachomeza mshtuko mfupi wa umeme, lakini kila kikimeza kinachakaa. Waya wa nyutro ukilegea kwenye nguzo, volti 230 zinaweza kukimbilia 400, na hapo kidude hicho kinajitoa mhanga pamoja na fyuzi. Nimeona fyuzi ya namna hiyo imerukwa kwa uzi wa waya wa redio. Jamani! Fyuzi imekata kwa sababu kuna kitu kimekufa nyuma yake. Ukiiruka, unaukaribisha moto dukani.

Mambo mawili ya kwenda kufanya leo. Ukienda kula, usiiache mashine imelala tu. Ikilala, kazi yako inabaki kwenye RAM, umeme ukikatika imekwenda. Chagua haibaneti (Hibernate): inaandika kila kitu kwenye diski, hata Mtwara nzima ikiwa gizani utaikuta. Pili, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa inapoanza kuwaka), tafuta sehemu inayosema mashine ifanye nini umeme ukirudi, uweke ibaki imezimwa. Umeme wetu ukirudi huja na kishindo, acha friji za jirani ziupokee kwanza. Na ikiwa tarehe inarudi nyuma kila asubuhi, badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye madabodi, maana huenda na mpangilio huo nao unasahaulika.

Haya, sogeeni mezani tufungue hii. Bwana mdogo, umeizima? Tazama pale kwenye madabodi, taa ya kijani bado inawaka. Waya wa zambarau unaendelea kuleta volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Chomoa ukutani kwanza, ndipo ushike bisibisi.