Ahadi Haiezeki Nyumba

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha.

Tarehe 25 Aprili 2015, saa sita mchana kasoro dakika nne, ardhi ya Nepal ilitikisika kwa kipimo cha 7.8. Watu wapatao 9,000 walifariki na nyumba karibu nusu milioni ziliporomoka. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo shule za huko hufungwa, kwa hiyo maelfu ya madarasa yalianguka yakiwa matupu. Kila nikikumbuka hilo mwili hunisisimka.

Maturubai, maji na dawa sitayazungumzia sana. Nataka tuzungumze fedha za kujenga upya, maana hapo ndipo watu huachwa peke yao.

Juni 25 wafadhili walikutana Kathmandu wakaahidi zaidi ya dola bilioni 4, karibu nusu yake ikiwa mikopo. Lakini chombo cha kusimamia ujenzi kilikwama kwenye mvutano wa kisiasa hadi Desemba. Msimu wa mvua ukapita, baridi ya milimani ikaingia, familia bado ziko chini ya mabati.

Ruzuku yenyewe ya kujenga nyumba ilipangwa vizuri, nasema bila kusita. Kila kaya iliyopoteza nyumba rupia 300,000 (mwanzoni zilikuwa 200,000), kwa awamu tatu, na mwenye nyumba anajijengea. Alianza na 50,000 za msingi. Mhandisi akishaukagua, zinatoka 150,000. Kuta zikipanda, anakagua tena, ndipo zinatoka 100,000 za mwisho.

Anakagua nini? Nyumba nyingi zilizoanguka vijijini zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa udongo. Ukuta huo una tabaka mbili, la ndani na la nje. Ardhi ikitikisika zinaachana, la nje linamwagika, paa linashuka juu ya waliomo. Dawa yake ni mawe marefu yanayopenya unene wote wa ukuta, pamoja na mikanda ya mbao au ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima. Mkanda ukikatika kwenye kona moja, hauna kazi tena. Na ukuta ukishapigwa plasta, jiwe lile halionekani. Mkaguzi lazima afike ukiwa wazi.

Sasa mhandisi akichelewa, awamu inayofuata haitoki, na fundi hangoji. Anahamia kwa mwingine, maana wakati huo kazi ni nyingi kuliko mafundi. Ili asimkose, mwenye nyumba hukimbilia kwa mkopeshaji wa kijijini na riba yake.

Isitoshe, rupia 300,000 hazikutosha nyumba ya familia nzima. Wengi walijenga chumba kimoja, wakatimiza masharti, wakapokea awamu ya mwisho. Baadhi yao wakarudi kulala kwenye nyumba ya zamani yenye nyufa, kwa kuwa ndiyo yenye nafasi ya kuweka mavuno. Kwenye orodha, kaya hiyo imeshajengewa. Deni la mkopeshaji bado liko.